Vijana wa Kigoma, kazi za meli zinakuja, vyeti vyenu viko wapi?

Mimi ni fundi wa kuchomelea, nimekulia Kibirizi pale pale kwenye maboti ya mizigo, na kinachoniuma ni kuona madogo wetu wanashinda kijiweni wakilalamika kwamba kazi za bandari na meli wanapewa watu wa Dar na Mwanza. Sikatai, malalamiko yana ukweli ndani yake. Ila nimeshafanya kazi kwa wakandarasi na nimeona wanavyochukua watu, pale getini haulizwi kwenu wapi, unaulizwa cheti.

Na hela serikali inaweka kweli kwenye ziwa letu la Tanganyika sahivi, kuna mradi wa kiwanda cha kujenga na kukarabati meli, kuna meli ya mizigo ya tani 3,500, kuna ukarabati wa meli yetu ya Liemba iliyopo tangu enzi za Mjerumani, na reli ya SGR ya kutoka Tabora. Kinachotafutwa hapo ni mzigo wa Kongo, na mzigo ukija unataka watu wa chuma, umeme, mabomba, rangi, wapishi, makarani, sio manahodha peke yao.

Sasa wewe ambaye kazi unaijua ila darasani hujakaa, nenda chuo cha ufundi cha VETA kaulizie urasimishaji ujuzi. Mimi ndo ulinitoa. Husomi upya miaka na miaka, wanakupima unachokijua, palipopungua wanakujazia kwa mafunzo mafupi, unapata cheti, na kuna awamu serikali inalipia kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu kwahiyo uliza kabla hujatoa hela yako. Siku yangu nilipewa vipande viwili vya bamba niviunge, yule mpimaji akasubiri vipoe, akagonga maganda mwenyewe kwa nyundo, akapitisha kidole kwenye mshono wote akitafuta matundu, halafu akaniuliza kwanini nimechagua rodi ile na sio nyingine. Nikamjibu kwa lugha yetu ya mtaani, akaandika akaendelea.

Anayetaka ubaharia wenyewe hiyo njia ni nyingine, ni Chuo cha Bahari Dar, unaanza na yale mafunzo ya lazima ya kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na upimwe afya. Gharama ipo na Dar ni mbali, ongea na wazazi mapema.

Halafu kitambulisho cha taifa, NIDA! Angalieni jina lifanane na cheti cha shule herufi kwa herufi, nimeona fundi mzuri sana akiachwa kisa herufi moja.

Mikopo ya halmashauri ile ya asilimia 10 (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) haina riba, na wengi wanaombea boti na mashine, sawa, ila kikundi cha mafundi kikichukua jenereta na mashine za kuchomelea kinaweza kubeba kazi ndogondogo za mkandarasi. Anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu.

Na serikali nayo itusikie, tangazo la upimaji likiwekwa mtandaoni tu dogo wa huko mwambaoni Kagunga au Sunuka atalionaje? Bandikeni mialoni, na wapimaji wawafuate watu hukohuko.