Fundi anataka kubandika vigae juu ya rangi ya mafuta: usikubali

Dada, umeuliza kama ni sawa fundi abandike vigae vya bafu juu ya rangi ya mafuta iliyopo, baada tu ya kuutoboatoboa ukuta kwa nyundo, maana ameahidi kumaliza kwa siku mbili na wageni wako njiani. Hapana, usikubali. Nimesimamia ukarabati wa bafu letu Buruburu, hapa Nairobi, na ya jamaa zangu Umoja na Donholm, na kila kigae nilichokuta kimeanguka kilikuwa kimebeba mgongoni ama rangi ama plasta. Gundi huwa imeshika vizuri kabisa. Kilichoachia ni kile ilichoshika. Vile vitobo vya nyundo navyo ni vidogo. Sehemu iliyobaki bado ni rangi, na mvuke wa shawa utaibambua.

Kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa gundi, chukua mpini wa bisibisi ugonge ukuta wote polepole, shubiri kwa shubiri. Plasta iliyoshika hutoa sauti nzito, fupi. Iliyoachana na mawe ya ukuta hulia kama debe tupu. Zungushia chaki kila panapolia hivyo. Kwetu chaki ililizunguka bomba la shawa lote, na fundi alipotia tindo kikadondoka kipande kikubwa kama sinia. Nyuma yake mchanga ulikuwa mweusi, umelowa, unakwanguka kwa ukucha. Kiwiko cha bomba la chuma kilikuwa kimeoza ndani ya ukuta, kinavuja tone kwa tone, na kwa nje rangi inang'aa tu. Nyumba za miaka ya 1970 zina mabomba mengi ya namna hiyo. Kama ukuta umeshafunguliwa, yang'oe yote uweke ya plastiki yanayounganishwa kwa moto, kisha mwambie plamba ayapime kwa pampu ya mkono kabla plasta haijayafunika. Kupima kwa maji ya tangi la juu hakutoshi: tangi halina nguvu, na uvujaji mdogo hautajionyesha. Waya wa shawa ya umeme nao, pamoja na ule wa ardhini (earth), upitishwe wakati huohuo.

Rangi iondolewe kwa grinda au tindo mpaka simiti ionekane. Upande wa shawa, mimi ningebomoa plasta yote ya zamani nianze upya. Mawe ya Ndarugo, yale ya machimbo yanayojengewa kuta, hunywa maji sana, kwa hiyo yaloweshwe kwanza, la sivyo yatafyonza maji ya plasta kabla haijakomaa. Changanya simiti 1 kwa mchanga 4, mchanga wa mto uliochekechwa, usio na udongo. Fundi amalizie kwa kibao cha mbao, uso ubaki na mikwaruzo. Asiulainishe kwa chuma, na asipake jasi. Mwagilia asubuhi na jioni kwa wiki nzima, halafu uache ukauke. Ukiweza kungoja hadi siku 28, ngoja. Najua wageni wanakuja, lakini heri waoge kwa karai kuliko kubomoa mwakani.

Halafu unyoofu. Egemeza rula ya alumini ya mita 2 ukutani. Mwanya wa zaidi ya milimita 3 urekebishwe kwa plasta. Pembe uipime hivi: kutoka kwenye kona, sentimita 60 ukuta mmoja, 80 ukuta wa pili, na mshazari utoke 100 kamili. Ukuta uliopinda ndio humfanya fundi aweke madonge matano ya gundi nyuma ya kigae ili kukinyoosha, na kati ya madonge hayo maji hupata pa kukaa. Gundi itandazwe yote kwa mwiko wenye meno.

Watu wa mjengo wengi watakuambia grauti, ile inayojazwa kati ya vigae, inazuia maji. Haizuii, maji hupenya polepole. Paka dawa ya kuzuia maji mikono miwili, yaani tabaka mbili, wa pili ukipakwa kwa kukatiza wa kwanza, kuanzia sakafuni hadi juu ya kichwa cha shawa, na kwenye pembe uzike utepe wa kitambaa. Kama mnaishi gorofani, usiruke hatua hii, kwa ajili ya jirani wa chini.

Jambo la mwisho ni malipo. Fundi wako pengine si mtu mbaya. Wengi hulipwa kwa kila mita ya vigae, hivyo siku anazotumia kukwangua rangi ni siku ambazo hapati kitu. Elewaneni bei ya kazi ya ukuta peke yake, umlipe hiyo ukuta ukishakaguliwa kwa rula na kwa kugongwa, ndipo muanze hesabu ya vigae. Akikataa hata hapo, tafuta mwingine.