Uliza Ujibiwe: Kwotabeki kijana yupi mkali, na orodha ipi tuiamini?

SWALI: Shikamoo kaka. Hapa kijiweni kwetu tumeanza kufuatilia mpira wa Kimarekani kwenye simu, ile NFL, na ubishi sasa hauishi. Kila wiki kuna orodha mpya ya makwotabeki vijana, huku C.J. Stroud wa kwanza, kule hata tano bora hayumo, mwingine anamweka Jayden Daniels juu, mwingine anasema Caleb Williams ndo mwenye kipaji kuliko wote. Hivi hao waandishi wanaangalia mechi moja kweli? (Msomaji, Mikindani, Mtwara)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mechi ni zile zile, ila kila mmoja anapima kitu chake halafu wote wanaandika kichwa cha habari kimoja. Kuna anayepanga kwa alichofanya kijana msimu huu, kuna anayepanga kwa anavyodhani atakuja kuwa baada ya miaka mitano, na wengine wanaangalia tu timu imeshinda mechi ngapi. Hayo ni maswali matatu tofauti na majibu yake hayawezi kufanana hata siku moja.

Kwa ambao bado wageni, kwotabeki ndo anayeanzisha karibu kila shambulizi, anaupokea mpira halafu ndani ya sekunde mbili tatu, huku majitu yanamjia kumwangusha, aamue atupe kwa nani au akimbie nao mwenyewe. Timu ziko 32, kwa hiyo nafasi ya kuanza ni za watu 32 tu, ndo maana sifa zote anabeba yeye na lawama zote yeye.

Sasa mchukue huyo Stroud. Msimu wake wa kwanza na Houston Texans, 2023, alitupa tachidauni 23, yaani pasi zilizoishia mpira kufika eneo la mwisho la wapinzani, na pasi zake zilizonaswa na wapinzani zilikuwa 5 tu, akawa mchezaji bora chipukizi upande wa ushambuliaji, na orodha zote zikampandisha. Msimu wa 2024 tachidauni zikashuka hadi 20, pasi zilizonaswa zikapanda hadi 12, na hao hao waliompandisha wakamshusha kama gunzi. Lakini angalia na hili, mwaka huo aliangushwa na mpira mkononi mara 52 wakati msimu wa kwanza ilikuwa 38, maana yake ukuta wa kumlinda ulikuwa umeoza, na bado Texans wameshinda mechi 10 kila msimu, ule wa kwanza na ule wa pili! Kijana kashuka au kazungukwa na watu walioshuka? Orodha haikwambii, inakupa namba tu.

Halafu hii ya Daniels na Williams inaniuma zaidi. Wote wametoka drafti ya 2024, yaani pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, Williams wa kwanza kachukuliwa na Chicago Bears, Daniels wa pili kaenda Washington Commanders. Tarehe 27 Oktoba 2024 wakakutana. Williams kapeleka timu yake mpaka Bears wanaongoza 15 kwa 12, zimebaki sekunde mbili. Daniels akapewa mpira, na kwa kuwa shambulizi likishaanza linaendelea hata saa ikiisha, akazunguka kulia kushoto mpaka kama sekunde 12 hivi zikapita, akaurusha mbali kabisa, kule mbele kundi zima likaruka, mikono ya watu ikaugusa ukadundia nyuma, na Noah Brown alikuwa amesimama peke yake nyuma ya kundi akaudaka. Yadi 52, mchezo umeisha, 18 kwa 15. Kuanzia siku ile Bears walifungwa mechi 10 mfululizo, kocha wakamfukuza katikati ya msimu, Williams akamaliza kaangushwa mara 68, na Daniels akaingia mpaka nusu fainali ya ligi na kubeba tuzo ya chipukizi. Daniels alistahili, sibishi hilo, lakini mpira ule ungedundia mbele badala ya nyuma nina hakika orodha za wiki ile zingeandikwa tofauti kabisa, na mikono ya hao vijana wawili ingekuwa ni ile ile.

Huku kwetu korosho zinaanikwa kwanza zikauke ndo zipangwe daraja, hawa wenzetu wanapanga daraja mbichi. Sam Darnold alichukuliwa wa tatu mwaka 2018, New York Jets wakamchoka wakamuuza 2021, akaonekana kaisha, mpaka 2024 yuko Minnesota na kocha anayejua kumtumia akatupa tachidauni 35 na timu ikashinda mechi 14 kati ya 17. Na Brock Purdy drafti ya 2022 alikuwa mtu wa 262, yaani wa mwisho kabisa, Februari 2024 anacheza Super Bowl, fainali yenyewe ya ligi! Kwa hiyo mimi kwotabeki ambaye hajamaliza misimu mitatu siamui kwa orodha ya mtu. Nikiletewa orodha naangalia kwanza mwandishi kasema anapima nini, asiposema naiacha, na nyie hapo kijiweni mkibishana ulizaneni hivyo kwanza, nusu ya ubishi itakwisha.

SWALI: Kaka habari za kazi. Kwenye takwimu zao naona alama ya juu ya kwotabeki ni 158.3, kwa nini isiwe 100 kama mtihani? (Msomaji, Nachingwea, Lindi)

JIBU: Nzuri dada yangu. Hiyo hesabu imeanza kutumika 1973 na ina vipande vinne, asilimia ya pasi zilizofika, yadi kwa kila pasi, tachidauni, na pasi zilizonaswa. Kila kipande mwisho wake ni 2.375, unavijumlisha, unagawa kwa 6, unazidisha mara 100, inatoka 158.3. Ubaya wake haihesabu mbio kabisa. Kwotabeki Lamar Jackson mwaka 2019 alikimbia na mpira yadi 1,206, rekodi ya kwotabeki wakati ule, na kwenye hiyo alama hakuna hata yadi moja yake. Ndo maana ESPN, ile televisheni ya michezo, walileta ya kwao 2011, inaishia 100 na mbio zimo.

SWALI: Mechi za Jumapili zinaanza saa ngapi kwa saa zetu? (Msomaji, Kilwa Masoko)

JIBU: Nyingi ni saa mbili usiku, ikifika Novemba wao wanarudisha saa nyuma kwa hiyo huku inakuwa saa tatu. Ile ya mwisho ni saa tisa na dakika ishirini usiku, baada ya Novemba saa kumi na dakika ishirini alfajiri, hiyo kama una kazi Jumatatu angalia marudio tu.