Ukiombwa kuandika wasifu wa mwalimu wako

Mwaka jana niliombwa kuandika wasifu wa Madam, aliyetufundisha Baiolojia, akawa matroni wetu na mwalimu wa ushauri nasaha. Familia ilinipa karatasi: alikozaliwa, vyuo, vituo vya kazi, watoto na wajukuu aliowaacha. Nikanakili, nikadhani nimemaliza.

Jioni, tukichambua mchele pale msibani, dada mmoja akaniuliza, "Umeandika kwamba alinifuata nyumbani?"

Alipata mimba akiwa kidato cha pili. Ilikuwa kabla ya Novemba 2021, serikali ya Tanzania ilipowaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni, kwa hiyo alifukuzwa. Madam hakuwa na uwezo wa kumrudisha. Alipanda basi hadi kwao, akakaa na baba mtu mpaka hasira zikashuka, ndipo akamweleza njia iliyobaki: mtihani wa maarifa, yaani QT, unaomfungulia aliye nje ya shule mlango wa mtihani wa kidato cha nne, kisha kidato cha nne chenyewe kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ada ya mtihani walichangia, yeye na yule mzee. Leo dada huyo ni nesi.

Usiku huohuo niliandika yote, na jina lake juu. Alfajiri niliamka na moyo mzito. Alinisimulia mimi, si umati ule uliokuwa na wakwe zake. Na Madam mwenyewe hakuwahi kutoa siri ya mwanafunzi nje ya kile chumba chake. Nikamfuata, nikamsomea. Akasema, "Lililo lake lisome. Langu liache."

Ndivyo nilivyofanya: nikasoma habari ya basi, ya baba aliyetulizwa na ya ada, bila jina wala kijiji.

Nawe ukiombwa, usiishie kwenye karatasi ya familia. Kaa na wanaopika. Watafute hata waliofeli, maana hao ndio waliokaa naye muda mrefu zaidi. Usiwaulize alikuwa mtu wa namna gani. Utaambiwa alikuwa mcheshi na mwenye upendo, maneno yanayomfaa marehemu yeyote. Uliza alikufanyia nini. Kisha omba ruhusa kabla hujasoma, hata kama msimuliaji ni rafiki yako.

Mshereheshaji atakupa dakika tano, nazo hazitoshi. Sisi tuliacha daftari nyumbani kwa marehemu hadi arobaini. Wengi waliandika bila majina. Mmoja aliandika mstari mmoja tu: "Aliningoja nimalize kulia."