Kabla hujaita greda kwenye kiwanja chako Dodoma

Nilihamia Dodoma mwaka 2017, wakati watumishi tulipoifuata serikali. Nimekulia Moshi, kwenye migomba na mifereji, na kwangu nyumba bila ukoka ilikuwa haijaisha. Kwa hiyo kazi ya kwanza kiwanjani ilikuwa kuita greda. Likaondoa migunga miwili, vichaka, visiki na udongo wote wa juu.

Uamuzi huo ninaujutia hadi leo. Kiangazi upepo ulituletea vumbi hadi vyumbani. Mvua za Desemba zikateleza juu ya ardhi ngumu na kuchimba korongo kuelekea getini. Ukoka niliumwagilia kila jioni, bili ikapanda, na ulipofika mgao wa maji mwezi Oktoba ukakauka wote.

Mzee jirani yangu, Mgogo, hakung'oa kisiki hata kimoja. Alinionyesha anavyofanya: kisiki kikichipua, unachagua machipukizi machache yaliyonyooka, unakata mengine, unafunga kitambaa kwenye yale uliyoyaacha ili kila mtu ajue yana mwenyewe, kisha unazuia mbuzi. Hakuna kumwagilia, kwa sababu mizizi ilishafika chini miaka mingi iliyopita. Wenyeji huuita utaratibu huu kisiki hai. Leo yeye anapumzika kivulini, nami miche yangu ya dukani bado inanifika kiunoni. Nakuomba sana, ndugu yangu, kabla ya kusafisha kiwanja zunguka na mwenyeji akuambie kila kisiki ni cha mti gani.

La pili ni mvua. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwaka mvua kwa kawaida haifiki milimita 600, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Inaonekana kidogo, lakini piga hesabu. Milimita moja ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba likipata milimita 500, hizo ni lita 50,000. Tanki langu la lita 5,000 linajaa mapema na kufurika, hivyo yanayobaki nayaweka ardhini. Mvua kubwa ikinyesha, toka na mwavuli uone maji yanapita wapi. Hapo ndipo pa kuchimba mashimo ya nusu duara, mdomo ukiangalia yanakotoka maji na udongo ukirundikwa upande wa chini. Mti unaupanda humo ndani.

Matandazo ya majani makavu yanasaidia kutunza unyevu, ila yaweke mbali na shina na mbali na ukuta, maana mchwa wa huku hawachelewi. Karibu na nyumba mimi nimemwaga kokoto.

Kwa kivuli cha gari nimejenga chanja la mzabibu. Ukishashika mizizi hauhitaji maji mengi, na ukipogolewa vizuri unazaa mara mbili kwa mwaka. Kwenye uzio nina bogenvilia na mishubiri, ambayo sijaimwagilia tangu mwaka wa pili.

Ukoka nimebakiza kipande cha mita tatu kwa nne nyuma ya nyumba, watoto wanapochezea. Unakunywa maji ya kusuuzia nguo.