Kabla hujachagua zana ya klasta, uliza itafutwaje

Kuunda klasta ya Kubernetes, yaani kundi la mashine zinazoendesha programu kwa pamoja, siku hizi hakumsumbui mtu. Zana kama kubeadm, kOps, Kubespray, zote zitakupa klasta kabla chai haijapoa. Mimi anayeniomba ushauri humuuliza kitu kingine: utaipandishaje toleo, na siku ikiisha kazi utaifutaje?

Maana Kubernetes haikusubiri. Matoleo mapya huwa matatu kwa mwaka, kila moja hutunzwa kwa miezi kama 14, na seva za udhibiti (zile zinazoiongoza klasta) haziruhusiwi kuruka toleo. Ukitumia kubeadm, vyeti vingi vya usalama ambavyo sehemu za klasta hutambuana kwavyo navyo huisha baada ya mwaka 1. Klasta ikiwa moja au mbili, mkono unatosha. Kubeadm bado naitumia, na sioni aibu.

Zikianza kuzaana, nenda Cluster API, zana ya kuunda na kusimamia klasta nyingi kutoka sehemu moja. Unakuwa na klasta moja simamizi, na klasta za kazi (zinazoendesha programu zako) zote zimeandikwa ndani yake kwa YAML, maandishi ya mipangilio. Unaanza na kind, zana ya kuunda klasta ndogo ya muda, kwenye kompyuta yako, unapiga `clusterctl init` kusakinisha Cluster API, unaunda klasta ya kudumu, kisha `clusterctl move` inahamishia usimamizi huko.

Wageni wengi hushtukia nodi, yaani mashine za klasta, zimeandikwa `NotReady` (haziko tayari). Tulia. Cluster API haikuwekei mtandao wa podi, vifurushi ambamo programu zako huendeshwa. Sakinisha programu ya mtandao kama Calico au Cilium, nodi zitaamka. Jambo jingine: ukitaka mashine kubwa zaidi, usihangaike kuhariri kiolezo cha mashine, kitakukatalia. Kinakiliwe kwa jina jipya, uielekeze `MachineDeployment` (inayosimamia kundi la mashine) huko, nayo itabadilisha mashine kidogo kidogo. Mwanzoni inaudhi, ila ukikosea unarudi kwenye kiolezo cha zamani.

Sasa kufuta. Ukisha kuzoea `kubectl apply -f`, mkono hukimbilia `kubectl delete -f` kwa faili lile lile. Usithubutu. Futa kitu cha `Cluster` peke yake, usubiri kiondoe mashine na mitandao kwa mpangilio. Ukifuta vyote kwa pamoja, huenda mabaki yakabaki kwenye wingu, tuseme AWS ya Amazon, yakila hela hadi uyasafishe mwenyewe.

Klasta simamizi ikizimika, za kazi zinaendelea kuhudumia watu. Kinachosimama ni kuongeza mashine na kubadilisha zilizokufa. Hata hivyo itunzie nakala, na programu za wateja zisiingie humo kabisa. Klasta za majaribio zipe `namespace` yake (sehemu iliyotengwa ndani ya klasta simamizi), kwani `clusterctl move` huhamisha `namespace` moja kwa mara moja.