Kijiko kimoja cha ngano kwenye mkate wa mchele

SWALI: Assalaam aleykum. Mwanangu ana miaka sita. Alipimwa akakutwa na seliaki, maradhi ya utumbo, tukaambiwa asile ngano maisha. Mkate wa kumimina namtengenezea mwenyewe, lakini ukipoa unavunjikavunjika. Jirani ananambia nitie kijiko kimoja tu cha unga wa ngano ushikane, na mtoto atazoea kidogo kidogo. Kuna na mtu anauza dawa ya chupa ya kusafisha utumbo. Nifanyeje?
Mama wa Wete, Pemba

JIBU: Waaleykum salaam, mama. Tuanze na mkate, maana hauna maneno mengi. Mchele uloweke usiku kucha, usage laini na tui zito. Chota nusu kikombe cha rojo hiyo, ipike huku unakoroga mpaka iwe uji mzito. Uji ukipoa, urudishe kwenye rojo pamoja na yai, sukari na hamira. Huo ndio utakaoshika mkate. Na usiukate ukiwa wa moto.

Sasa hicho kijiko. Nakisikia kila wiki, na upole wa kukijibu umeniishia. Kijiko cha kulia cha unga wa ngano ni kama gramu 8, na ndani yake gluteni, yaani ile protini ya ngano inayomdhuru mgonjwa wa seliaki, haipungui miligramu 600 hivi. Kata mkate vipande 8: kila kipande kina miligramu 75. Watafiti walishawapa wagonjwa wazima wa seliaki miligramu 50 kwa siku, miezi mitatu, na utumbo wao ukaonesha madhara. Hao ni watu wazima. Wako ana miaka sita, na sidhani kama anatosheka na kipande kimoja.

Najua litakalofuata: “Mbona juzi alikula boflo kwa bibi yake na hakuumwa?” Seliaki si kama mtu anayedhurika na kamba, akila tu mdomo unavimba. Hapa kinga ya mwili inaushambulia utumbo mwembamba polepole, na vile vinyweleo vinavyofyonza chakula vinasinyaa. Mtoto anacheza, anakwenda skuli, tumbo halimuumi, na huku madini ya chuma hayaingii mwilini. Unakuja kushtuka mwaka wa pili sare ile ile bado inamtosha. Kwa hiyo usipime kwa tumbo. Mrejeshe hospitali kwa kipimo cha damu kama ulivyopangiwa, na urefu wake uandikwe.

Hakuna kuzoea, mama. Wala makaa juu na chini hayaiunguzi gluteni, wala hamira haiimalizi. Atta ni ngano, tambi ni ngano, bokoboko la Sikukuu ni ngano yenyewe nzima nzima, na shayiri nayo imo kwenye marufuku. Urojo uulizie umetiwa unga gani. Hata “vya mchele” viulizie: muuza vitumbua mmoja aliniapia vyake ni mchele mtupu, na mkono wake ule ule unachota ngano kwenye mfuko “vishikane”. Muhogo nao hauna neno, ila ukikaangwa kwenye karai lililotoka kuchoma mandazi, uache.

Huyo wa chupa sina subira naye. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, aliandika tasnifu yake kuhusu ngano na ugonjwa huu mwaka 1950. Mpaka leo tiba ni ile ile: kuacha ngano, shayiri na rai, nafaka nyengine ya jamii ya ngano. Anayekwambia mtoto anywe chupa tatu kisha arudi kwenye chapati anakuuzia maradhi.

Na watu hao hao wana kosa jengine linalonipa kazi zaidi. Wanamwona mtoto yeyote mwembamba, mwenye tumbo la gesi, wanamwambia mama amkatie ngano leo leo. Miezi sita baadaye analetwa kwetu kupimwa. Kipimo kinatafuta askari wa mwili wanaoamshwa na gluteni. Kama hakula ngano muda wote huo, askari wamelala na jibu linatoka safi hata kama ugonjwa upo. Inabidi tumrudishe kwenye mkate kwa wiki kadhaa ili tumpime upya, na ukimwona mama anavyomlisha mwanawe kipande huku anajua kitamuumiza, utaelewa hasira zangu. Mnaoshuku, mleteni angali anakula.