Nina miaka 44 na nimeshafanya kazi tatu tofauti, uwakili bado naweza?

SWALI: Habari wakili. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 44. Nilianza na ualimu, nikaacha nikaenda bima, sasa hivi nipo kampuni ya ujenzi nasimamia mikataba ya mafundi na malipo yao. Siku zote moyo wangu upo kwenye sheria ila nikisema watu wanacheka, eti nitamaliza nikiwa bibi. CV yangu nayo imekaa kiraka juu ya kiraka. Je nimechelewa? Na hizo kazi za nyuma nizifiche nikiomba chuo?

JIBU: Dada yangu, la umri tulimalize haraka. Mary Ann Shadd Cary, mwanamke mweusi wa Marekani, alizaliwa 1823, akafundisha, akaanzisha gazeti huko Kanada mwaka 1853, na shahada yake ya sheria aliipata Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1883. Piga hesabu mwenyewe. Wewe na 44 zako bado binti.

Hilo la kuficha ndo limenishtua. Usifiche hata kimoja! Kijana aliyetoka chuo anasoma kesi ya mradi uliochelewa kama hadithi tu, wewe umeshakaa mezani na fundi anadai hela huku mwenye jengo anasema kazi mbovu, na unajua karatasi gani haikusainiwa na kwa nini haikusainiwa. Ukija na bima juu yake, hapo una eneo lako tayari, migogoro ya ujenzi na madai ya bima, wateja watakuelewa kabla hujamaliza sentensi. Na ualimu usiudharau, nusu ya kazi yetu ni kumweleza mtu aliyechanganyikiwa jambo gumu mpaka alielewe.

Kingine, nchi nyingi kabla hujaapishwa wanachunguza tabia yako, wanauliza kama umewahi kushtakiwa, kufilisika, kufukuzwa kazi, na sisi tuliochelewa ndo tuna mengi ya kuandika pale kuliko mtoto wa miaka 23. Kosa la zamani ukilieleza vizuri mara nyingi linavumilika ila ukilificha likajulikana, tatizo linakuwa si lile kosa tena, ni uongo, na mwongo hawamtaki kabisa.

Njia yenyewe inategemea unataka kufanyia kazi nchi gani kwa hiyo anza na kanuni zao kabla hujalipa ada popote. Marekani kwa kawaida unatakiwa uwe na digrii ya kwanza ya fani yoyote, halafu sheria miaka mitatu, na vipo vyuo vya jioni ambapo ni minne hivi. Uingereza (England na Wales), kwa mawakili wanaoitwa solicitors, tangu 2021 kuna mtihani wa kufuzu unaoitwa SQE pamoja na miaka miwili ya uzoefu wa kazi za kisheria, na hiyo miaka unaweza kuikusanya kwenye sehemu za kazi mpaka nne. Kwingine utaanza digrii ya sheria mwanzo kabisa, halafu shule ya uwakili, halafu mafunzo chini ya wakili mzoefu.

Hayo mafunzo ndo yatakuuma, sikufichi. Mimi nilitumwa kupiga kopi na bosi niliyemzidi miaka kumi na mbili, na malipo yake bora ninyamaze. Mitihani nayo ina mtego kwa watu wazima: unapewa kisa cha majirani wanagombana unaanza kusuluhisha kwa busara zako, kumbe wanataka useme sheria inasemaje, kifungu gani, kesi gani. Mtihani wangu wa kwanza nilifeli hivyo hivyo.

Kwa sasa omba likizo ya siku tatu nne ukakae mahakamani nyuma kule usikilize, kesi nyingi zinasikilizwa hadharani na hakuna anayekuuliza umefuata nini. Sikiliza za madai, zile za kuahirishwa ahirishwa, siyo za mauaji. Ukitoka hapo bado unataka, niandikie tena tuongelee ada.